Nikikubali kupunguziwa mshahara leo, kiinua mgongo kitahesabiwa kwa mshahara upi?

SWALI

Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni fundi mitambo katika kiwanda cha vifungashio hapa Dar es Salaam. Nina miaka minane na miezi saba kazini, mkataba wa kudumu, siku sita kwa wiki. Mshahara wangu wa msingi ni Sh 1,300,000. Wiki iliyopita uongozi ulituita ukasema oda zimeshuka, kwa hiyo kila mmoja apunguziwe asilimia 30, la sivyo watapunguza watu. Tumepewa barua za kusaini hadi Ijumaa, na wenzangu wengi wameshasaini. Hofu yangu ni hii: nikikubali, halafu baada ya miezi michache wakanipunguza vilevile, kiinua mgongo changu kitahesabiwa kwa mshahara wa zamani au huu mpya? Shemeji yangu yuko Mombasa, naye kaletewa barua kama hii. Sheria ni ileile?

JIBU

Ndugu yangu fundi, nzuri. Nianze na ulichouliza. Ukisaini barua hiyo kama ilivyo, kiinua mgongo kitahesabiwa kwa mshahara mpya, ule mdogo, na kwa miaka yako yote minane. Hapo ndipo wengi hushtuka. Wanadhani miaka waliyolipwa vizuri itahesabiwa kwa mshahara mzuri, na ile miezi ya mwisho peke yake ndiyo itahesabiwa kwa mshahara uliopunguzwa. Sivyo. Kinachochukuliwa ni mshahara wa msingi ulionao ajira inapokoma, kisha unazidishwa kwa miaka uliyoikamilisha. Maana yake ni kwamba saini ya Ijumaa inashusha thamani ya miaka minane ambayo umekwisha kuitumikia.

Bahati nzuri hujasaini bado. Tuweke namba mezani kwanza.

Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. (Zanzibar wana sheria yao ya ajira ya mwaka 2005, kwa hiyo msomaji aliye Unguja au Pemba asizichukue hesabu zangu.) Kifungu cha 42 kinasema mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 mfululizo, ajira yake ikisitishwa na mwajiri, alipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Ukipita hiyo miaka 10 sheria haikuongezei kitu, labda mkataba wako au mkataba wa hali bora (ule wa chama cha wafanyakazi na mwajiri) uwe umeahidi zaidi.

Mshahara wa siku unapatikanaje? Sheria ina jedwali lake: mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 mara siku unazofanya kazi kwa wiki. Wewe unafanya siku sita, kwa hiyo unagawanya kwa 26. Sh 1,300,000 ukigawa kwa 26 unapata Sh 50,000 kwa siku. Siku 7 ni Sh 350,000. Miaka minane ni Sh 2,800,000. Sasa ondoa asilimia 30: mshahara unakuwa Sh 910,000, siku inakuwa Sh 35,000, siku 7 ni Sh 245,000, na miaka minane ni Sh 1,960,000. Tofauti ni Sh 840,000.

Hapohapo nikutahadharishe na jambo ninaloliona kila mara kwenye karatasi za malipo ya mwisho: mhasibu anagawanya kwa 30 badala ya 26. Kwa mshahara wako wa sasa, kosa hilo peke yake linakula zaidi ya Sh 370,000 za kiinua mgongo. Muulize amegawanya kwa ngapi, na kwa nini.

Kiinua mgongo hakiendi peke yake. Notisi ya anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28, na mwajiri akiamua kukulipa badala ya kukuacha uzifanyie kazi, analipa kile ambacho ungepata kama ungefanya kazi siku hizo. Nacho ni cha mshahara wa wakati huo. Likizo ambayo hukuichukua ni hivyohivyo. Ukiwa na likizo nzima ya siku 28 mkononi pamoja na notisi ya mwezi, kila kimoja kinapungua kwa karibu Sh 390,000. Ukijumlisha na zile Sh 840,000 za kiinua mgongo, unazungumzia zaidi ya Sh milioni moja na nusu. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nao, ambao wewe na mwajiri kwa pamoja mnachangia asilimia 20 ya mshahara, unashuka kutoka Sh 260,000 hadi Sh 182,000 kila mwezi.

Lakini nisikutie hofu upande mmoja nikakuficha upande mwingine. Kupunguziwa asilimia 30 ni kupoteza Sh 390,000 kila mwezi. Katika miezi miwili na siku chache, mshahara ulioukosa unakuwa umeshapita tofauti yote ya kiinua mgongo. Kwa hiyo anayekushauri ukatae kwa sababu ya kiinua mgongo peke yake hajapiga hesabu sawasawa, na anayekushauri ukubali "kwani kiinua mgongo ni hela ndogo" naye hajapiga. Kuna mizani nyingine: ukikataa na kazi ikaisha mwezi ujao, unaondoka na Sh 2,800,000 na notisi kamili, lakini huna mshahara. Ukikubali, unapata Sh 910,000 kila mwezi, na baada ya miezi mitano unatimiza mwaka wa tisa, ambao nao unaongeza siku 7 nyingine. Kwa fundi mwenye watoto shuleni, miezi mitano ya kuendelea kulipwa si kitu cha kudharau. Mimi binafsi, kwa hali uliyonieleza, ningekubali kupunguziwa. Ila nisingesaini barua hiyo.

Kuna namna nyingi za mwajiri kupunguza gharama ya mshahara, na kila moja inagusa kiinua mgongo kwa njia yake. Barua uliyopewa imechagua namna inayokuumiza wewe kuliko zote.

Angalia mfano wa siku za kazi. Oda zikishuka, kazi nayo inakuwa imepungua. Mashine zinalala siku mbili kwa wiki. Mwajiri akisema ufanye siku nne badala ya sita na akulipe za siku nne, mshahara wako wa mwezi unashuka hadi kama Sh 866,700, chini hata ya huo wa asilimia 30. Lakini rudi kwenye jedwali: 4.333 mara siku nne ni 17.33, na Sh 866,700 ukigawa kwa 17.33 unarudi palepale, Sh 50,000 kwa siku. Bei ya siku yako haikuguswa. Kiinua mgongo kinabaki Sh 2,800,000, na wewe una siku mbili za kutafuta vibarua vya kutengeneza mashine za watu wengine. Mwajiri naye amepunguza gharama zaidi ya alivyotaka. Nashangaa pendekezo hili halitolewi mara nyingi, na sababu ninayoiona ni kwamba wafanyakazi hawajui kwamba wanaweza kulileta wao. Lete wewe. Likikubaliwa, hakikisha barua inataja kwamba kiwango cha siku ni Sh 50,000, maana mhasibu wa kesho anaweza kuchukua mshahara wa siku nne akaugawa kwa 26 na kukurudisha chini.

Namna ya pili ni kuahirisha. Mwajiri anakulipa asilimia 70 sasa na kuandika kwamba asilimia 30 anadaiwa, atailipa tarehe fulani. Hapa mshahara wako haujapungua hata senti, umecheleweshwa tu. Ukipunguzwa kazi kabla ya tarehe hiyo, unadai deni lote kama mshahara wa kazi uliyokwisha kuifanya, na kiinua mgongo ni kwa Sh 1,300,000. Tatizo la njia hii ni moja: deni la kampuni inayozama ni karatasi tu. Ikubali kama unaamini kiwanda kitasimama.

Posho nazo zina hesabu yake. Mshahara wa msingi kwa maana ya sheria haujumuishi posho, wala malipo ya saa za ziada, wala nyongeza ya Jumapili, sikukuu na kazi ya usiku. Wakikufutia posho ya nyumba au ya usafiri, kiinua mgongo hakitikisiki. Kwa hiyo kama lazima kitu kikatwe, afadhali kikatwe huko.

Na hapa kuna mtego ambao lazima nikuoneshe kwa karibu, kwa sababu unaweza kuletewa wiki ijayo baada ya ninyi kugoma kusaini hii ya sasa. Unakuja ukiwa umevaa nguo nzuri. Mwajiri anasema: "Basi, hatupunguzi mshahara wa mtu, tunaupanga upya tu." Salari slipu inakuja na jumla ileile, Sh 1,300,000, lakini sasa mshahara wa msingi umeandikwa Sh 800,000 na Sh 500,000 imeitwa posho. Mfukoni huoni tofauti. Lakini kiinua mgongo cha miaka minane kimetoka Sh 2,800,000 hadi kama Sh 1,723,000, chini ya kile ambacho ungepata kwa kukatwa asilimia 30. Watu wanasaini huku wanashukuru. Ukiiona salari slipu ya mwezi ujao, usiangalie mstari wa mwisho tu. Angalia ule wa kwanza.

Mtego mkubwa kuliko wote unahusu miaka yako. Kupunguziwa mshahara hakukati utumishi; miaka minane inaendelea kuhesabika. Lakini ukiambiwa "andika barua ya kuacha kazi, kesho tunakupa mkataba mpya wa mwaka mmoja kwa mshahara mpya", hapo hujakubali kupunguziwa mshahara, umefuta miaka minane kwa mkono wako. Aliyeacha kazi mwenyewe hajasitishwa na mwajiri. Na mkataba wa muda maalumu ukifika mwisho wake, kiinua mgongo cha kifungu cha 42 hakilipwi. Kama wanataka mkataba mpya kweli, wakulipe kwanza haki za mkataba wa zamani zote, kwa Sh 1,300,000, ndipo muongee.

Sasa turudi kwenye barua yako ya Ijumaa. Nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Miaka kadhaa nyuma alikuja kwangu mama mmoja, fundi cherehani wa kiwandani, ameshika bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Ndani mlikuwa na barua ya kukubali kupunguziwa mshahara, imechapwa kama hiyo yenu. Ila pembeni mwa aya ya pili kulikuwa na maneno manne ya kalamu ya bluu: "kwa miezi sita tu", na chini yake saini mbili fupi, yake na ya afisa utumishi. Aliyaandika mwenyewe kabla ya kusaini, akamwomba afisa naye asaini palepale. Afisa hakuona ubaya. Miezi sita ikapita, mwajiri akaendelea kumlipa mshahara mdogo mwezi wa saba na wa nane, kisha wa tisa akampunguza kazi na kumkokotolea kila kitu kwa mshahara huo mdogo. Wenzake waliosaini barua ileile bila maneno ya bluu hawakuwa na pa kushika. Yeye alilipwa tofauti ya ile miezi iliyozidi sita, na kiinua mgongo kwa mshahara wa zamani. Tulimaliza mbele ya msuluhishi, kikao kimoja.

Wewe unaweza kuandika zaidi ya maneno manne. Ningeomba barua iongezwe aya kama hii: "Punguzo hili ni la muda, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, na baada ya hapo mshahara wa msingi utarudi kuwa Sh 1,300,000 bila barua nyingine. Endapo ajira itasitishwa kwa sababu za uendeshaji ndani ya kipindi hiki, au ndani ya miezi 12 baada yake, kiinua mgongo, malipo ya notisi na malipo ya likizo yatakokotolewa kwa mshahara wa msingi wa Sh 1,300,000." "Sababu za uendeshaji" ni lugha ya sheria kwa mambo kama oda kushuka. Weka tarehe halisi. Neno "kwa muda" peke yake halikusaidii, kwa sababu muda usio na mwisho ni wa kudumu.

Aya hiyo haimgharimu mwajiri hata shilingi moja leo. Mwajiri anayesema kweli kwamba anapunguza mishahara ili asipunguze watu hana sababu ya kuikataa, maana inamgharimu pale tu atakapopunguza watu. Akiikataa kwa ukali, amekupa habari muhimu kuhusu anachokipanga, na uamuzi wako wa kubaki au kujiandaa uuzingatie hilo.

Je, usiposaini kabisa? Mwajiri haruhusiwi kushusha mshahara peke yake kwa tangazo la ubaoni. Masharti yaliyoandikwa ya ajira yakibadilika, sheria inamtaka ashauriane nawe na akupe mabadiliko hayo kwa maandishi. Wakikukata bila ridhaa yako, andika barua ya kupinga mwezi huohuo, hata ya mistari mitatu, useme unaendelea kufanya kazi lakini hujakubali punguzo. Anayenyamaza miezi sita huku akipokea mshahara mdogo, kesho ataambiwa alikubali kwa vitendo. Na usichelewe: madai ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Ukiwa umeachishwa na unapinga kuachishwa kwenyewe, una siku 30 tu. Nimeona madai yenye haki kabisa yakikwama kwa sababu mtu alisubiri "tuone watasemaje".

Kukataa nako kuna mpaka wake. Mwajiri akiamua kupunguza watu, kifungu cha 38 kinamtaka atoe taarifa mapema, aweke wazi sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi (kama mna tawi la TUICO, basi ni hao) au na ninyi wenyewe pasipo chama. Katika mashauriano hayo kiasi cha kiinua mgongo ni jambo la kujadiliwa. Zile siku 7 ni kiwango cha chini. Mnaweza kuomba 14, mnaweza kuomba mwezi kwa kila mwaka. Lakini sheria hiyohiyo inasema anayepunguzwa kwa sababu za uendeshaji, akakataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyopewa, anaweza kukosa kiinua mgongo. Kwa hiyo usikatae kwa mdomo ukaondoka kikaoni. Kataa kwa maandishi, toa sababu, na weka pendekezo lako pembeni: siku nne, au posho, au ile aya. Aliyeleta pendekezo si rahisi kuitwa mkaidi.

Kwa shemeji yako wa Mombasa, sheria si ileile. Kenya wana Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, na kifungu cha 40 kinatoa malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, bila kikomo cha miaka 10. Hesabu huko nako hushuka pamoja na mshahara, kwa hiyo kwake, kwa kila mwaka, saini moja inagusa siku zaidi ya mara mbili ya zako. Mabadiliko ya masharti ya ajira huko pia yanahitaji mashauriano na maandishi, na kabla ya kumpunguza lazima yeye, au chama chake kama ni mwanachama, pamoja na afisa wa kazi wapewe notisi isiyopungua mwezi mmoja. Aya niliyokuandikia anaweza kuitumia kwa kubadili namba.

Ijumaa nenda na nakala mbili za barua ikiwa na aya hiyo imeshachapwa, usitegemee kuandika pembeni isipokuwa wamekataa kuchapa upya. Beba salari slipu tatu za mwisho zinazoonesha mshahara wa msingi wa Sh 1,300,000, na barua yako ya ajira yenye tarehe ya kuanza kazi. Mwajiri asaini nakala zote mbili, agonge mhuri, moja ubaki nayo wewe. Iweke nyumbani, usiiache kwenye kabati la kiwandani.